Habari za Mpiga Ngumi Philip Waruinge na Majaji Watano

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza jambo moja ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hulidhani ni fumbo. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1968, mataifa ya dunia yalikutana katika mji wa Mexico kwa Michezo ya Olimpiki. Kijana mmoja wa Kenya, jina lake Philip Waruinge, alishindwa kabla ya kufika pambano la mwisho, akapewa medali ya shaba, ambayo ndiyo medali ya tatu. Lakini michezo ilipokwisha, likatolewa kombe la mpiga ngumi aliye bora kuliko wote waliopanda ulingoni, wa kila uzito na wa kila taifa. Mabondia 11 walikuwa wamevikwa dhahabu, na mmoja wao alikuwa George Foreman wa Marekani, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa watu wa uzito wa juu. Hakuna hata mmoja kati ya hao 11 aliyepewa kombe lile. Alipewa Waruinge.

Mtu atauliza, yawezekanaje mtu awe wa tatu katika uzito wake, kisha awe wa kwanza katika uzito wote? Swali hilo ni la haki, wala halijibiki kwa neno moja. Basi inatupasa kwanza kueleza namna mchezo huu unavyochezwa na namna unavyohukumiwa, maana wengi wetu tumeona watu wakipigana, lakini ni wachache waliopata kuona ngumi zikihesabiwa.

Mchezo wa ngumi una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wale wanaopigana kwa fedha, nao hufuata mapato kama afuatavyo mtu kazi yoyote. Njia ya pili ni ya ridhaa, yaani ya wale wasiolipwa ujira kwa kupigana. Bondia wa ridhaa huwa na kazi yake nyingine. Pengine ni askari, pengine karani au fundi, na mazoezi huyafanya asubuhi kabla ya kazi au jioni baada yake. Akitaka kwenda kupigana ng'ambo, lazima apewe ruhusa na mkuu wake wa kazi. Akirudi na medali, hurudi kazini siku ileile aliyoagizwa. Katika miaka tunayoizungumza, Michezo ya Olimpiki ilikuwa ya watu wa njia hii ya pili peke yao.

Pambano la ridhaa katika siku za Waruinge lilikuwa la raundi tatu, na kila raundi ilikuwa dakika tatu, na katikati palikuwa na dakika moja ya kupumzika. Ukijumlisha utaona kwamba mtu alikuwa na dakika tisa tu za kuonyesha kazi ya miaka mingi. Ngumi iliyohesabiwa ni ile iliyofika kwa sehemu ya mbele ya glavu, penye vifundo vya vidole, ikampata mwenzake usoni, au kando ya kichwa, au mwilini juu ya mshipi. Kofi halikuhesabiwa, wala kusukuma, wala kupiga kisogoni. Tena jambo hili huwashangaza watazamaji wengi: ngumi iliyomwangusha mtu, naye akainuka, haikuongeza alama kupita ngumi nyingine iliyofika sawasawa. Watazamaji hupiga kelele mtu akianguka; jaji wa ridhaa alipaswa kuihesabu kama moja.

Waruinge alipigana katika uzito uitwao wa unyoya, kwa sababu ya wepesi wa wapiganaji wake. Mpaka wake ni kilo 57, yaani karibu ratili 126. Tusidhani kwamba kupimwa ni jambo dogo. Bondia wa ridhaa hupimwa asubuhi ya kila siku aliyo na pambano, na akizidi hurudishwa nyumbani bila kurusha hata ngumi moja. Naye hupangiwa wapinzani kwa kura. Huweza kukutana na bingwa siku ya kwanza, au akamkuta siku ya mwisho, hana hiari. Kisha akishindwa mara moja, safari yake imekwisha. Mpira wa miguu una ligi, ambapo timu huweza kufungwa leo ikashinda kesho na bado ikachukua kombe. Katika ngumi za Olimpiki hakuna kesho kwa aliyeshindwa leo.

Na sasa twafika kwa majaji. Ulingoni huingia watu watatu, wapiganaji wawili na refa, lakini refa katika kawaida ile hakuwa na kura. Kazi yake ilikuwa kulinda sheria, kuwaachanisha waliokumbatiana, na kumhesabia aliyeanguka. Kura zilikuwa za majaji watano walioketi pande mbalimbali za ulingo, kila mmoja peke yake, na karatasi yake mbele yake. Raundi ikiisha, jaji aliandika alama 20 kwa yule aliyeona ameshinda raundi hiyo, na mwenzake alimwandikia pungufu kidogo. Mwisho wa raundi tatu alijumlisha. Akikuta wote wawili wako sawa hakuruhusiwa kusema ni sare; ilimlazimu achague mmoja, akitazama nani aliyetangulia kushambulia, nani aliyeonyesha ufundi, na nani aliyejikinga vizuri zaidi. Kisha karatasi tano zilikusanywa, na mwenye karatasi tatu ndiye aliyeinuliwa mkono.

Fikirini ugumu wa kazi hiyo. Jaji aliyeketi nyuma ya mgongo wa mpiganaji huona mkono ukienda, asione mahali ulipotua. Huyu huona ngumi imefika shavuni. Yule wa upande wa pili huona imetua juu ya glavu. Wote wawili ni waaminifu, na karatasi zao zitapingana. Michezo mingine haina shaka hiyo. Katika Mexico ileile Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500, Naftali Temu akashinda zile za mita 10,000, na Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Na hapakuwa na mtu wa kuuliza nani ameshinda, maana aliyetangulia kukata utepe alionwa na uwanja mzima. Mkimbiaji hushinda kwa miguu yake. Bondia, asipomwangusha mwenziwe asiinuke, hushinda kwa macho ya watu wengine.

Tukisha kujua hayo twaweza kumfuata Waruinge. Alizaliwa mwaka wa 1945, na mwaka wa 1964, Kenya ikiwa nchi huru kwa mwezi wa kumi tu, alikuwa katika kikosi kilichokwenda Tokyo, katika Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru. Alirudi bila medali. Alikuwa na umri wa miaka 19, na umri huo katika ngumi ni umri wa kujifunza. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1966, nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Kingston katika kisiwa cha Jamaica, naye akatwaa dhahabu ya uzito wa unyoya. Kwa hiyo alipofika Mexico hakuwa mgeni tena. Alikuwa na miaka 23, na watu wa ngumi walijua jina lake.

Mji wa Mexico uko juu sana, mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Wapiganaji waliotoka nchi za pwani walihema katika raundi ya tatu kama watu waliopanda mlima na mizigo. Watu wa nyanda za juu za Kenya hawakuteseka kama hao, na hilo lilimfaa Waruinge kama lilivyowafaa wakimbiaji. Lakini lilimfaa vilevile mtu mwingine, naye ni Antonio Roldán wa Mexico, aliyekuwa nyumbani kwake.

Hao wawili walikutana katika nusu fainali. Pambano likaenda mpaka mwisho wake, dakika zote tisa, bila mmoja kumwangusha mwingine akabaki chini. Karatasi zikakusanywa. Majaji watatu walimpa Roldán, majaji wawili walimpa Waruinge.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Si haki yetu kusema kwamba majaji wale watatu walipendelea. Hatukuketi katika viti vyao. Lakini si vibaya kukumbuka kwamba mtu wa nyumbani hupigana huku maelfu ya watu wakimshangilia. Kila ngumi yake hupokewa kwa kishindo hata ile iliyopita hewani, na ya mgeni hupokewa kwa kimya hata ikitua puani. Jaji naye ana masikio. Mtu yeyote aliyewahi kusimama katikati ya kundi linalopiga kelele ajua kwamba macho hufuata masikio mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Roldán akaingia fainali, akapigana na Albert Robinson wa Marekani. Nayo haikumalizika kwa ngumi. Robinson aliondolewa na refa kwa kosa la kupiga kwa kichwa, na dhahabu ikabaki Mexico. Waruinge alipewa shaba pamoja na Ivan Mihailov wa Bulgaria, maana katika ngumi wote wawili walioshindwa katika nusu fainali hupata shaba, wala hawapiganishwi tena kutafuta wa tatu.

Ndipo likaja kombe tulilolitaja mwanzoni. Jina lake ni Kombe la Val Barker, nalo limepewa jina la Mwingereza mmoja aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa chama cha ngumi za ridhaa cha dunia. Lilianza kutolewa katika Olimpiki ya Berlin, mwaka wa 1936. Nia yake ni kumtukuza bondia aliyeonyesha ufundi bora katika mashindano yote: jinsi anavyosimama, jinsi anavyotumia miguu, jinsi anavyopiga bila kupigwa. Wanaochagua hawatazami pambano moja la dakika tisa, bali hutazama mapambano yote ya mtu tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida huishia kumchagua mmoja wa wenye dhahabu, na si ajabu. Mwaka wa 1964 lilichukuliwa na Valeri Popenchenko wa Urusi ya Kisovyeti, na mwaka wa 1972 na Teófilo Stevenson wa Cuba, na hao wote walikuwa wameshinda uzito wao. Kabla ya Waruinge, mtu wa shaba aliyewahi kulipata alikuwa mmoja tu, naye ni Louis Laurie wa Marekani, mwaka ule wa kwanza wa 1936.

Basi jibu la fumbo letu ni hili. Medali hutolewa kwa kushinda pambano baada ya pambano, na pambano moja huweza kuamuliwa na karatasi moja. Kombe lile hutolewa kwa kutazama kazi yote ya mtu. Katika Mexico hukumu hizi mbili zilitofautiana, na zote mbili zilitolewa na watu wa mchezo uleule. Kwa maoni yetu, ile ya pili ndiyo iliyoona mbali zaidi. Lakini twakiri kwamba sisi ni majirani wa Waruinge, na jirani hafai kuwa jaji.

Waruinge hakukasirika akaacha mchezo. Mwaka wa 1970 alikwenda Edinburgh, Uskoti, akatwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito uleule, mara ya pili mfululizo. Michezo ile ilikuwa ya heri kwa Afrika ya Mashariki. Wasomaji wetu wa Tanzania watapenda kukumbuka kwamba hukohuko Edinburgh bondia wao Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati, akashindwa na Mwingereza John Conteh, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Na medali ya fedha aliyoileta Simba si kitu cha kusahauliwa.

Ikafika Olimpiki ya 1972, katika mji wa Munich, Ujerumani. Waruinge alikuwa na miaka 27, na hapana aliyetazamia kwamba angepata nafasi ya nne. Michezo ile iliingiwa na msiba mkubwa. Tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliingia katika makazi ya wachezaji wa Israeli, na wachezaji na walimu wao 11 wakauawa. Michezo ilisimamishwa kwa maombolezo, kisha ikaendelea. Katika hali hiyo ya huzuni Waruinge aliwapita wapinzani wake mpaka fainali. Samuel Mbugua na Dick Murunga nao walipata shaba, mmoja katika uzito wa wepesi na mwingine katika uzito uitwao welta, na kwa hiyo Kenya ilirudi na medali tatu za ngumi.

Katika fainali alimkuta Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovyeti. Dakika tisa zikapita, wote wawili wakiwa wima. Karatasi tano zikakusanywa. Tatu zilikuwa za Kuznetsov, mbili za Waruinge.

Na tuihesabu hesabu hiyo polepole, kama mwanafunzi anavyohesabu ubaoni. Katika Mexico, jaji mmoja tu kati ya watano angeandika kinyume, Waruinge angeingia fainali. Katika Munich, jaji mmoja tu angeandika kinyume, angevikwa dhahabu. Miaka minne, mazoezi ya alfajiri zisizohesabika, kupimwa uzito kila asubuhi ya pambano, kura za kupanga wapinzani, yote hayo yalisimama mara mbili juu ya kalamu ya mtu mmoja. Hatujui mchezaji mwingine wa Afrika ya Mashariki ambaye bahati ilimpita karibu namna hiyo mara mbili.

Mwaka wa 1973 aliiacha njia ya ridhaa akaenda Japani kupigana kwa fedha, na huko alijulikana kwa jina la Waruinge Nakayama. Hayo yalikuwa maisha mengine kabisa. Raundi si tatu tena. Pambano la ubingwa wa dunia siku hizo lilikuwa la raundi 15. Tena alishuka uzito, yeye aliyepigana katika kilo 57 alipokuwa kijana. Mwaka wa 1976, akiwa na miaka 31, alipigania ubingwa wa dunia mara mbili, kwanza na Rigoberto Riasco wa Panama, kisha na Carlos Zárate wa Mexico, ambaye alikuwa mmoja wa wapigaji wakali wa zama zile. Hakushinda hata mara moja. Mtu aliyefundishwa kushinda kwa ufundi wa dakika tisa si lazima awe na silaha za saa nzima, na sisi twaona kwamba kumpima Waruinge kwa mapambano yale ya mwisho ni kumpima kwa kipimo kisicho chake.

Nyumbani mlango wa Olimpiki ulifungwa kwa muda. Kenya haikushiriki Montreal mwaka wa 1976, ilipojitoa pamoja na mataifa mengi ya Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Wala haikwenda Moscow mwaka wa 1980. Vijana waliofika kilele chao katika miaka hiyo minane hawakupata hata nafasi ya kushindwa. Mwaka wa 1984 Ibrahim Bilali aliifungua njia tena kwa medali ya shaba ya Los Angeles.

Shida ya majaji haikwisha. Katika Seoul, mwaka wa 1988, Roy Jones wa Marekani alipigana fainali na Park Si-hun wa Korea, akamshinda waziwazi machoni pa watu karibu wote waliotazama, na majaji watatu kati ya watano wakampa Park, mtu wa nyumbani. Kombe la Val Barker likapewa Jones, mwenye medali ya fedha. Baada ya aibu hiyo, wenye mchezo walileta mashine. Kuanzia Olimpiki ya 1992 kila jaji alikuwa na vitufe, na ngumi ilihesabiwa ikiwa majaji watatu wamebonyeza kwa pamoja ndani ya muda wa sekunde moja. Ilidhaniwa mashine haitakuwa na mapendeleo. Lakini mashine hubonyezwa na vidole vya watu, na ngumi za mfululizo zilikwenda mbio kuliko vidole, na ngumi za mbavuni zilisahauliwa. Mabondia wakajifunza kudonoa na kukimbia. Baada ya mwaka wa 2012 mashine ile iliachwa, karatasi zikarudi kwa namna nyingine, na manung'uniko nayo yakarudi. Mwaka wa 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliondoa kabisa utambuzi wake kwa chama cha dunia cha ngumi, na mambo ya uamuzi yalikuwa miongoni mwa sababu.

Lakini katika Seoul ileile ya 1988, ambapo Roy Jones alinyimwa haki yake, palikuwa na Mkenya mwingine, Robert Wangila, wa uzito wa welta. Aliingia fainali na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Katika raundi ya pili Wangila alimpiga konde, Mfaransa akaanguka, refa akahesabu mpaka kumi. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika ngumi za Olimpiki, na majaji watano hawakuulizwa neno.